Wifi Yangu na Fenesi la Mahakamani

Wifi yangu alipohamia kwetu Kihonda kutoka Turiani, mume wangu alinionya jambo moja tu: dada yake hawezi kukaa bure. Nilidhani ananisifia mtu mchapakazi. Nikajiambia, vizuri, nimepata wa kunisaidia bustani. Sikujua kwamba katika ukoo wao, mtu asiyeweza kukaa bure ni mtu anayetaka kila siku aone kitu ambacho hajakiona.

Alikuwa mjane, watoto wake wametawanyika, na kule Turiani alikuwa ameshamaliza, kwa maneno yake mwenyewe, kila cha kutazama. Miwa ameiona. Mpunga ameuona. Tela la miwa likipinduka ameliona mara nyingi hata halimshtui tena. Asubuhi ya kwanza kwetu alikunywa chai, akajifunga ushungi wake wa zambarau, akakaa kibarazani na pochi mapajani kama mtu anayesubiri basi.

"Haya wifi," aliniambia, "tunaanzia wapi?"

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimeishi Morogoro maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Mjini kwetu watu huja kusoma, kuuza ndizi, au kubadili gari waende kwingine. Anayebaki, amebaki kwa sababu ameshajenga. Nikamtajia bwawa la Mindu. Akasema maji hata Turiani yapo. Nikamtajia kupanda Uluguru tukaone maporomoko. Akauliza kama huko juu kuna watu. Nikamwambia wapo, wakulima, lakini nyumba zimeachana.

"Basi washuke wao," alisema.

Tukaanza na stesheni ya treni ya umeme. Safari hatukuwa nayo. Tulisimama karibu na mashine ya kukagulia mizigo, tukatazama abiria wakivua mikanda na kubishana na askari juu ya ndoo za mchele. Wifi alifurahi sana. Baada ya muda askari mmoja wa kike akatufuata.

"Shikamooni mama zangu. Mnasafiri?"

"Marahaba. Tunasindikiza," wifi alijibu kabla sijafungua mdomo.

"Mnamsindikiza nani?"

Wifi akautazama ule umati, akachagua mwanamume mmoja mwenye koti la kijivu. "Yule pale."

Yule askari hakuondoka. Ikabidi wifi amwendee yule bwana, ampe mkono, amtengeneze kola ya koti. "Haya baba, safari njema. Ukifika upige simu."

Yule bwana alimtazama, akanitazama mimi, kisha akainamisha kichwa kwa adabu. "Sawa mama. Nitapiga." Akapiga hatua, akarudi. "Nipige namba ipi?"

Wifi akampa namba yangu. Jioni alipiga kweli, akasema amefika Dodoma salama, na mkewe anatusalimu.

Baada ya hapo tukahamia maduka ya samani. Tulikuwa tunaingia, tunakaa kwenye makochi, tunajadili vitambaa, tunatoka. Duka alilolipenda wifi lilikuwa la mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima mwenzetu, ambaye babu yake ndiye aliyelifungua na ambaye Kiswahili chake ni cha Moro kuliko changu. Pale palikuwa na kitanda cha mninga kimetandikwa shuka la maua, na siku moja, jua la Morogoro likiwa limepamba moto, wifi alijaribu lile godoro akapitiwa na usingizi. Nilimtikisa. Alikoroma. Yule mwenye duka akaja kusimama karibu yangu, na nilikuwa natafuta maneno ya kuomba radhi wakati mtu na mkewe walipoingia, wakamwangalia wifi kwa muda mrefu, wakasema wanakitaka kile kitanda. Kile kile, si kingine mfano wake.

Ikabidi tumwamshe ili wakichukue.

Kesho yake mwenye duka alinipigia simu. "Dada, yule wifi yako Jumamosi ana nafasi? Nina godoro jipya, halitoki kabisa."

Nilipomfikishia ujumbe, wifi alinuna. "Kulala ndiyo kazi? Mimi nilikuja mjini kuangalia watu, sikuja kuangaliwa." Tukawa tumeacha samani.

Mahakamani tulifika kwa shida ya kawaida. Herufi moja ya jina lake ilikuwa tofauti kwenye vyeti viwili, akatakiwa aape kwamba yeye ni yeye. Tukaambiwa twende mahakama ya mwanzo, tukaketi kwenye benchi la nyuma kusubiri. Karani akaita, "Koooti!" Wote tukasimama. Akaingia hakimu, binti wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho mwisho, akakaa, akafungua jalada. Kesi ya kwanza ilikuwa ya bwana mmoja aliyeuza mlango wa nyumba aliyopanga. Kesi ya pili ilikuwa ya mke wake, aliyemshtaki mnunuzi wa mlango kwa kuja kuuchukua wakati yeye anaoga.

Wifi alinishika mkono, akauminya. Zamu yake ilipofika aliapa kwa sauti ambayo nadhani ilisikika hadi sokoni, kisha badala ya kwenda zake akarudi kwenye benchi.

"Wifi, tumeshamaliza," nilimnong'oneza.

"Wewe nenda. Mimi sijajua ule mlango umeishia wapi."

Kuanzia wiki ile Jumatano zetu zikawa za mahakamani. Tulikwenda na chupa ya chai na maandazi, ambayo tulikula nje chini ya paa la nyasi wakati wa mapumziko. Mume wangu aliuliza tunakwenda kufanya nini. Nilimwambia tunasikiliza. Akauliza tunasikiliza nini. Nikasema, watu. Akawasha redio yake.

Tatizo ni kwamba mtu akionekana mahali kila wiki, watu humpa cheo. Sisi ni watu wazima, tunavaa kwa heshima, tunakaa benchi lile lile. Wenye kesi wakaanza kutuamkia. Mama mmoja alitukimbilia getini akatueleza shauri lake lote, tangu alipoolewa, akamalizia, "Naomba mnifikirie, wazee wangu." Nilijaribu kumwambia sisi si wazee wa baraza. Wifi akanikatiza. "Tumekusikia mwanangu," alimwambia. "Sema ukweli, na usiseme haraka haraka." Yule mama alishinda kesi yake. Jumatano iliyofuata akatuletea mkungu wa ndizi kutoka Matombo, na mimi niliyekuwa nikifundisha somo la uraia nikaubeba hadi nyumbani.

Wifi pia alikuwa na kikohozi. Nyumbani hakohoi. Ila shahidi akisema kitu asichokiamini, kifua kilimbana. Siku moja shahidi alisema alikuwa Mzumbe wakati wa ugomvi, wifi akakohoa, shahidi akageuka, akasema labda hakuwa Mzumbe.

Hakimu akaweka kalamu chini. "Mama mwenye ushungi wa zambarau."

Wifi akasimama. "Abee, mheshimiwa."

"Hapa hatutoi ushahidi kwa kukohoa."

"Nimekuelewa mheshimiwa. Nitakunywa tangawizi."

Basi, tukiwa katika hali hiyo, ndipo likaja fenesi.

Lilikuja ndani ya gunia, limebebwa na wazee wawili wa Bigwa waliokuwa hawasemezani. Lilikuwa kubwa kiasi kwamba mmoja peke yake hakuliweza, kwa hiyo walikuwa wamelishika huku na huku, kila mmoja akitazama upande wake. Mmoja alikuwa mrefu, amestaafu reli, na mfenesi ulikuwa umeota uani kwake. Mwingine alikuwa mfupi, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, na tawi kubwa la mfenesi ule lilikuwa limevuka ua wa michongoma na kusimama juu ya banda lake la kuku. Fenesi lilikuwa limeanguka, limevunja banda, limempiga jogoo. Mzee wa mfenesi alikuwa anadai fenesi lake. Mzee wa jogoo alikuwa amelizuia mpaka alipwe jogoo wake. Walikuwa majirani tangu ujana wao, wote wamefiwa na wake zao, na watu waliokuja kutoka Bigwa kusikiliza walituambia kabla ya hapo walikuwa wakinywa kahawa pamoja kila asubuhi.

Fenesi likapokelewa kama kielelezo. Mezani halikuenea, likawekwa kwenye benchi la nyuma, kati yangu na wifi.

"Na huyo jogoo yuko wapi?" hakimu aliuliza.

"Tumemla, mheshimiwa," alijibu mzee mfupi.

"Umekula kielelezo?"

"Wakati ule alikuwa bado ni jogoo tu, mheshimiwa."

Mzee mrefu akaomba kumuuliza mwenzake swali. Akaruhusiwa. Akavua kofia, akaivaa tena. "Bwana, wewe ni Mwislamu?"

"Unanijua."

"Huyo jogoo ulimla baada ya kuchinjwa, au hivi hivi?"

Hata mimi niliona mtego. Akisema hakumchinja, amekula mzoga mbele ya jirani zake wote. Akisema alimchinja, basi jogoo alikuwa hai.

Mzee mfupi akafikiri. "Nilimuwahi," alisema. "Alikuwa bado anatapatapa. Nikapiga bismillahi."

"Mheshimiwa," mzee mrefu alisema kwa unyenyekevu mkubwa, "kwa hiyo aliyemuua jogoo ni yeye mwenyewe. Fenesi langu lilimjeruhi tu."

Watu waliangua kicheko mpaka karani akagonga meza. Wifi alikuwa ameegemea lile fenesi, machozi yanamtoka. Hakimu alijifunika mdomo kwa jalada, akaahirisha shauri, akaagiza kielelezo kitunzwe mahakamani.

Fenesi halijui kuahirishwa. Jumatano iliyofuata harufu ilitupokea barabarani. Lilikuwa limeiva kweli kweli, limepasuka ubavuni, na walikuwepo nzi wengi kuliko watu. Kesi ya wizi wa betri ilisikilizwa kwa taabu. Mshtakiwa, ambaye alikuwa ametoka mahabusu bila kula, alimeza mate kila alipojibu. Alipoulizwa kama anakiri kosa, alikuwa analitazama fenesi. Hatimaye hakimu akaamuru kielelezo kipigwe picha na kiteketezwe, na kwamba mahakama yenyewe itakwenda Bigwa kuona mti na banda. Karani na askari wakalibeba fenesi nje kwenda kuliteketeza. Waliporudi, karani alikuwa na utomvu kwenye masharubu, na askari alikuwa anatafuta mahali pa kufutia vidole.

Siku ya Bigwa gari la mahakama lilikuwa bovu. Hakimu na karani walipanda bajaji, wazee wetu wawili wakalazimika kupanda bajaji moja, na mimi na wifi tukachukua yetu. Hakuna aliyetualika. Lakini hakuna aliyetukataza pia, na wifi alisema kwamba kesi ya wazi huwa wazi hata ikihama.

Mvua ilikuwa imenyesha mlimani, mawingu yamekaa chini, na maji yalikuwa yanapita kwenye mfereji pembeni ya njia yakiwa meupe ya povu. Kule watu walikuwa wametangaziana. Uani kwa mzee mrefu walitupokea kama wageni wa serikali. Mimi na wifi tukapewa viti vya plastiki vyenye mikono. Hakimu, kwa kuwa alikuwa binti na alikuja na begi mgongoni, alidhaniwa ni mwandishi wetu na akapewa stuli. Nilinyanyuka kumpisha. Akanikataza kwa mkono. "Kaeni tu mama, nimezoea."

Kazi ikaanza. Karani akatoa futi ya kupimia, akaangalia huku na huku, akampa wifi ncha moja. "Mama, nishikie hapa kwenye shina." Wifi akashika. Karani akarudi kinyumenyume mpaka kwenye michongoma, akapima tawi lilipovukia. Utomvu wa mfenesi ukaishika futi, futi ikamshika wifi, na ilipofika wakati wa kuikunja ikabidi mtu akimbie kuleta mafuta ya kula. Wifi alikuwa amesimama na futi mkononi, ametulia, uso umejaa nuru, kama mtu aliyekabidhiwa bendera.

Kisha tukapita kwa jirani kuona banda. Mzee mrefu akaomba kueleza nadharia yake. Alikuwa na hoja kwamba fenesi haliwezi kuanguka lenyewe. Mfenesi, alisema, ni mti mwaminifu. Hauachii mpaka uombwe. Kwa hiyo lazima jirani yake alilivuta lile fenesi kwa upembo, kwa tamaa yake, ndipo likamwangukia jogoo.

"Angalieni," alisema, akaenda kusimama palepale lilipokuwa banda, chini ya tawi. Juu yake lilining'inia fenesi jingine. "Mimi nasimama hapa. Nitasimama hapa mpaka magharibi. Hata kesho nitasimama."

Mzee mfupi alitazama juu, na nilimwona anabadilika rangi. "Bwana, toka hapo."

"Sitoki. Nathibitisha."

"Toka hapo nakwambia! Lile limeiva, nalisikia harufu tangu juzi!"

"Unaona mheshimiwa? Anaogopa ushahidi."

Mzee mfupi hakungoja. Alimrukia, akamshika kanzu kifuani, akamvuta, wote wawili wakaangukia kwenye michongoma, na kabla hatujapiga kelele fenesi likashuka. Ardhi ilitikisika chini ya miguu yangu. Liligawanyika pande mbili, njano tupu, na harufu ikapanda.

Karani alikuwa ameduwaa na futi yake. Wazee wawili walikuwa wamelala ndani ya michongoma, mmoja juu ya mwingine, kofia hazipo.

"Lingekuua," alisema mzee mfupi. Sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Ningekunywa kahawa na nani, mpumbavu wewe?"

"Hatunywi siku hizi," alijibu mwenzake.

"Kwani nani alikwenda kushtaki?"

Tukawachomoa miiba. Mimi nilikuwa na pini kwenye pochi, nikashughulikia mikono ya mzee mrefu, na hapo ndipo aliposema lile ambalo nimelikumbuka kuliko yote. Alisema taratibu, akiutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Mwalimu, tangu nistaafu nilikuwa sina mahali pa kwenda. Hii kesi ndiyo ilikuwa inanitoa nyumbani. Jumanne naipigia kanzu pasi."

Mzee mfupi alimsikia. Akasonya, kisha akasema hata yeye alishanunua viatu.

Nilipogeuka, wifi alikuwa amechuchumaa kando ya fenesi, amejipaka mafuta vidoleni, anakula.

"Mama!" karani alisema. "Hicho ni kielelezo!"

"Hiki bado hakijasajiliwa," wifi alijibu, mdomo umejaa.

Karani akamtazama hakimu. Hakimu alitazama milima kwa muda, kisha akawauliza wale wazee kama wako tayari kupatana. Wakasema wako tayari. Akaandika mapatano palepale juu ya stuli: tawi litakatwa, mafenesi yatakayokuwa yameangukia upande wa pili yatagawanywa, na jogoo mwingine atatafutwa. Wakatia dole gumba, ingawa wote wawili wanajua kuandika, kwa sababu mikono ilikuwa na utomvu na kalamu ilikataa kuachia. Halafu hakimu akasema mahakama imemaliza kazi yake kwa siku ile, akafungua begi, akaingiza jalada, akaomba mafuta.

Wifi aliudhika njia nzima wakati wa kurudi. "Wameiharibu," alisema. "Kesi nzuri kama ile. Ilikuwa na uhai wa mwaka mzima." Jumatano iliyofuata tulikwenda mahakamani kama kawaida. Kulikuwa na shauri la mabati na shauri la mtu aliyekataa kurudisha sufuria za msiba. Wifi hakukohoa hata mara moja. Wakati wa mapumziko aliniambia hajisikii vizuri, twende nyumbani, na nilidhani ndiyo mwisho wa matembezi yetu.

Baada ya kama mwezi, nilikuwa nachambua mchicha nikasikia hodi. Walikuwa wale wazee wawili, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, yule mfupi na viatu vyake. Nilifikiri wameleta posa, nikamwita mume wangu aache redio. Wakakaribishwa, wakapewa chai, wakauliza hali za watoto na mvua. Kisha yule mrefu akakohoa kidogo.

"Tumekuja kumwona mama yule wa ushungi," alisema. "Tuna mgogoro."

"Mgogoro gani tena?" mume wangu aliuliza.

"Moshi," alisema mzee mfupi. "Jiko langu, nyumba yake. Mimi nasema ni upepo. Yeye anasema ni makusudi. Mahakamani hatutaki kwenda, ni mbali na yule binti ana kazi nyingi. Tunataka mtu wa kutusikiliza tu."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni. Sijui amesimama pale tangu saa ngapi. Alikuwa ameshajifunga ushungi.

Sasa kila Jumatano anapanda bajaji kwenda Bigwa, na mimi huenda naye nikiwa sina wageni. Wanamwekea kiti cha mikono kwenye mpaka, miguu ya nyuma kwa mmoja na ya mbele kwa mwingine. Ameshasikiliza shauri la moshi, la maji ya mvua, la redio ya alfajiri, na la nani alianza kumwamkia mwenzake siku ya Idi. Mara ya mwisho nilipokwenda, walikuwa wanabishana juu ya kivuli cha mpapai, na mzee mrefu alikuwa anakaribia kushinda.

Wifi aliliona hilo. Akafunga pochi yake, akasimama.

"Tumeahirisha mpaka Jumatano," alisema, na wote wawili wakamshukuru.